Ekzosi mpya kwa gari kuukuu: unarudishiwa kilichokuwa chako

Hapa Malindi ukiwa na Toyota 100, au DX, au Peugeot 504 aliyoacha mzee na bado inatembea, hakosi mtu wa kukwambia "hio weka ekzosi kubwa uone, itapaa." Na wengi wanaweka, na wengi kweli wanarudi wakisema gari imekuwa nyepesi, ukipita daraja la Sabaki kwenda Mambrui na watu watano ndani mzigo huuhisi hata kidogo. Mie siwabishii walichohisi kwenye mguu. Ninachobisha ni hesabu. Gari ya miaka 30 ilikuwa imeziba, ikazibuliwa, na nguvu wanayoisifu ni ile ile iliotoka nayo kiwandani, ilikuwa imekwama njiani miaka yote hio. Nalishikilia hili kwa sababu linaamua pesa yako iende wapi, na nimeona vijana wakimaliza pesa kwa mafla (sailensa) ya kung'ara huku tatizo limekaa mbele kabisa chini ya injini, halijaguswa.

Chukua Toyota 100 yenyewe, yaani Corolla ya AE100, injini ya 5A, cc 1498. Hizi zilitengenezwa Japani kuanzia 1991, zikaja kwetu zikiwa mitumba, na kwa ile sheria ya gari isizidi miaka 8 ina maana hata za 1995 zilikuwa zishaingia kufikia 2003. Sasa kumbuka petroli yetu mpaka mwanzo wa 2006 ilikuwa bado na risasi, ile madini ya ledi. Gari ilikuja na kataliti yake safi, ile kopo ya kusafisha moshi yenye masega yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, ikaanza kunyweshwa risasi, na risasi inafunika yale madini ikayaua. Ongeza miaka ya plagi mbovu, mafuta yasiyoungua yanafika kwenye masega yanawakia huko ndani, masega yanayeyuka, yanageuka donge. Nyuma yake kuna mafla ambayo vibati vya ndani vimeoza vikaanguka vikalala juu ya tundu. Katikati bomba limepigwa na matuta likabonyea. Kwa nje kila kitu kipo, sauti ni ya chini na ya adabu, na gari haipandi.

Kwa hivo kabla hujakata kitu pima. Fundi wangu pale Maweni ni mtu mzima na hana haraka, nilipompelekea gari aliniambia "mwanangu, sikati chochote mpaka nijue imeziba wapi," na nikamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa weldingi yake, ambayo pia ni nzuri. Vipimo vyenyewe havitaki mashine za ajabu. Ufungue sensa ya oksijeni pale mbele, kwenye tundu lake ufunge geji ya presha. Gari ikiwa imetulia isizidi psi 1.5, ukiishika kwenye mizunguko 2500 kwa dakika isizidi kama psi 3, ikizidi hapo kuna mahali pameziba. Ama uweke geji ya vakyum kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, ushike hio 2500 kwa muda, sindano ikianza kushuka taratibu badala ya kukaa pale pale, moshi hauna pa kutokea. Hata bila geji, gonga kataliti na nyundo ya mpira ikiwa baridi, ukisikia kitu kinacheza ndani basi masega yashavunjika na vipande vinasafiri kwenda kuziba mafla. Na kompresheni ipimwe pia siku hio hio, manake ringi za pistoni zikiwa zimekwisha hakuna bomba duniani litakalokusaidia.

Sasa kazi ya ekzosi yenyewe. Wengi wanaichukulia kuwa bomba la kutolea moshi nyuma, basi. Lakini valvu ya ekzosi inafunguka kabla pistoni haijafika chini, moshi bado una presha, unatoka kwa kishindo, na hicho kishindo kinakimbia ndani ya bomba kama mita 500 kwa sekunde (hapa nje sauti inakwenda kama 340) kwa sababu gesi yenyewe ni ya moto sana. Nyuma ya kishindo presha inashuka, panabaki mvuto. Huo mvuto ukifika kwenye valvu kwa wakati wake, pale ambapo valvu ya kutoa haijafunga bado na ya kuingiza ishaanza kufunguka, unafagia moshi uliobaki kwenye silinda na kuvuta mchanganyiko mpya uingie. Injini inapata pumzi zaidi bila kuongezwa chochote. Ekzosi nzuri ni ile inayofanya hio kazi kwenye mizunguko unayoendesha wewe kila siku.

Hapo ndo lile neno linalorudiwa kila gereji, kwamba injini lazima iwe na presha ya nyuma kidogo la sivyo inakosa nguvu, linapopotosha watu. Injini haitaki presha ya nyuma hata kidogo. Inachotaka ni gesi iende kwa kasi. Aliyezoea Mida kule Watamu anajua maji yakitoka, pale penye mkondo mwembamba yanakimbia mpaka yanavuta ngalawa, yakifika penye upana yanalala. Bomba ni hivo hivo, ukilipanua kupita kiasi gesi inazubaa, ule mvuto unapotea, na gari inakuwa nzito chini kwenye 1500 mpaka 2500, ambako ndo unakotembelea ukiwa mjini kati ya tuktuk na boda.

Hesabu yake ni rahisi. Bomba la inchi 2 na la inchi 2.5 yanaonekana yamepishana kidogo tu lakini nafasi ya ndani inaongezeka kwa asilimia 56, ina maana moshi ule ule unapita kwa kasi iliyoshuka zaidi ya theluthi. Kwa injini ya cc 1500 isiyo na tabo (ile feni ya kusukumia hewa ndani), ya nguvu za farasi kama 100, inchi 1.75 mpaka 2 inatosha kabisa. Peugeot 504 ya cc 1971 inchi 2 ni yake. Zile 3 unazoziona chini ya Corolla zimekuwa kubwa kwa macho, na mwenyewe ukimuuliza vizuri atakwambia siku hizi inabidi ashushe gia pale ambapo zamani alikuwa anapita na nne.

Heda nazo, yale mabomba manne yanayopokea moshi kwenye silinda na kuuunganisha. Injini ya silinda nne ya Toyota inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hivo heda ya nne-mbili-moja inaunganisha 1 na 4 upande mmoja, 2 na 3 upande mwingine, ili vishindo vya kila jozi vije kwa zamu bila kugongana, na inasaidia kuanzia chini na katikati. Ya nne-moja inapendelea juu, kwenye mizunguko mikubwa, ni ya mashindano. Mtu anaeendesha Malindi hadi Gede na kurudi hana kazi na nne-moja. Tena zinaning'inia chini, na matuta yetu tunayajua. Manifoldi ya zamani ya ekzosi, ya chuma cha kumimina, inayofanya kazi hio hio ya heda, ni nzito na mbaya kwa sura lakini ni nene, inakaa miaka, inaficha kelele nyingi ya injini, na kama haijapasuka mie naiacha pale pale, nashughulika na kuanzia downpaipu, bomba linaloshuka kutoka hapo, kwenda nyuma.

Ukifanya yote hayo sawa, utapata nini zaidi ya kiwanda? Kwa injini ndogo isiyo na tabo, kubadilisha kuanzia kataliti kwenda nyuma ni farasi mbili tatu hivi, na pengine mguu usizisikie. Ndo maana nasema aliyehisi gari imezaliwa upya alikuwa amezibwa, na ni jambo la kufurahia, si la kuonea aibu.

Kuna kitu hakitajwi na mafundi wa ekzosi kwa sababu si bidhaa yao, nacho ni mchanganyiko wa mafuta na hewa. Gari ya kabureta ukiifungulia njia ya kutoka, hewa inayoingia inaongezeka lakini tundu la jeti linalopitisha petroli ni lile lile, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka, valvu zinaumia. Watu wanasema ekzosi wazi inachoma valvu kwa hewa baridi, kumbe mara nyingi ni huo mchanganyiko mwepesi ndo unaochoma. Endesha kidogo, zima, toa plagi, angalia rangi: hudhurungi kidogo ni sawa, nyeupe kavu ni hatari na inataka jeti kubwa, nyeusi ya masizi imezidi mafuta. Gari ya injeksheni kama Toyota 100 inajirekebisha kiasi kupitia sensa ya oksijeni, lakini hapo kuna mtego mwingine. Kama gasketi ya manifoldi inavuja au bomba limetoboka kabla ya sensa, kati ya kishindo na kishindo hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza, na wewe unalia petroli inaisha bila kujua kwamba kisa ni tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Ile milio kama ya bunduki gari inayopiga ukiachia mguu mara nyingi ni hio hewa inayokutana na mafuta yasiyoungua ndani ya bomba, na kuna vijana wanaipenda wanadhani ni nguvu, wallahi ni uvujaji.

Haya, sauti. Hapa ndo penye moyo wangu kwa kweli.

Kila mtu anataka sauti ya Subaru. Naelewa, hii ni nchi ambayo Subaru ilishinda Safari Rally 1997 na 2000, na ule mngurumo wa kukatikakatika umeingia kwenye damu. Lakini ule mngurumo hautoki kwenye mafla. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kulia mbili kushoto, na heda zake za zamani zina mabomba yasiyolingana urefu, kwa hivo vishindo vya upande mmoja vinachelewa kufika kwenye mkutano na mdundo unakuja bila mpangilio sawa. Wakiweka heda zenye urefu sawa, hata Subaru yenyewe inapoteza ile sauti. Corolla ina silinda nne kwa mstari, zinawaka kila nusu mzunguko sawasawa kama saa, na mabomba yote mafupi yanakutana pale pale. Hakuna fundi wa kukupa mngurumo wa Subaru hapo, utalipia kelele tu. Corolla ina sauti yake, na ikitengenezwa vizuri ni sauti tamu, laini chini, inayopanda kwa uwazi ukiivuta mpaka 5000. Mie naipenda vile ilivyo.

Na ukijua inakotoka unaweza kuichonga. Silinda nne zinapiga mara mbili kila mzunguko wa kranki, kwa hivo kwenye 3000 ni mizunguko 50 kwa sekunde mara mbili, mipigo 100 kwa sekunde. Hio ndo sauti ya msingi, nzito, na juu yake kuna sauti nyingine nyembamba zinazopanda. Mafla ya vyumba inazigonganisha hizi sauti zikauana zenyewe, inatuliza sana ila inapinda njia ya moshi. Mafla ya kupita moja kwa moja ina bomba lenye matundu limezungushiwa sufu ya kioo, moshi unapita bila kizuizi na sufu inakula zile sauti nyembamba zaidi kuliko nzito. Ukitoa kila kitu ukaacha bomba tupu, nyembamba zote zinatoka nje pamoja na bati jembamba linalotetemeka, na hapo ndo unapata ile sauti ya nyuki ndani ya debe ambayo mtaa mzima unaijua. Rezoneta ndogo, kopo la kupoza sauti linalokaa katikati ya bomba, inaondoa ule mkwaruzo wote na haikupunguzii nguvu yoyote ya maana, sijui kwa nini ndo kitu cha kwanza watu wanachokitupa.

Halafu kuna mvumo. Umeweka mafla mpya, mjini ni raha, siku ya kwenda Mombasa zile kilomita 120 unashika mwendo wa safari mizunguko iko karibu na 3000, na ule mpigo wa 100 unakutana na chumba cha gari kinachopenda mpigo huo huo, kichwa kinauma kabla hujafika Kilifi, abiria wako nyuma amenyamaza na si kwa sababu amelala. Kufungua dirisha hakusaidii. Dawa yake ni tawi la bomba lililozibwa mwisho, unalichomelea pembeni mwa bomba kubwa, urefu wa mita moja na kidogo kwa mpigo huo, limekunjwa likafichwa chini. Sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi imegeuka na kuua yenzake. Moshi haupitii humo kwa hivo hakuna unachopoteza. Nilipoisikia kazi yake kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto.

Na tuseme ukweli kuhusu majirani. Shela ya hapa Malindi na mitaa ya zamani kuta ziko karibu, sauti haina pa kwenda, inapanda madirishani kwa mgonjwa na kwa mtoto aliyelala, na saa za swala gari yako isisikike ndani ya msikiti kuliko imamu. NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kanuni za kelele tangu 2009 na sailensa ni lazima kisheria, lakini hata bila sheria, mie naona gari inayolia vizuri mwenyewe akiisikia ndani na jirani asiamke ndo kazi ya fundi wa kweli. Binamu zangu wa Lamu mjini wakija hapa, wamezoea punda na mashua, wanashangaa tunaishije na hizi boda zilizong'olewa mafla, na sina jibu la kuwapa.

Sasa chuma, manake sisi tuko kando ya bahari. Watu wanadhani chumvi inakula ekzosi kutoka nje tu. Petroli lita moja ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, inatoka kama mvuke, na kama safari yako ni nyumbani sokoni nyumbani, mafla haipati moto wa kutosha kuyakausha, yanabaki ndani na asidi kidogo na yanaila kutoka ndani kila siku. Yale maji yanayodondoka asubuhi kwenye bomba la nyuma ndo hayo, usikimbilie kusema hedi gasketi imekufa isipokuwa moshi mweupe unaendelea hata gari ikishika moto na maji ya rejeta yanapungua. Mara moja moja ipe gari safari ndefu, Marafa, Watamu, popote, ikauke. Tundu dogo chini ya mafla limewekwa kwa sababu, usilizibe.

Stenlesi ndo nzuri kama mfuko unaruhusu, na nenda na sumaku dukani: ile ya 304 haishiki sumaku au inashika kwa udhaifu sana, ya 409 inashika na itapata kutu ya juu juu lakini inadumu kuliko bati la kawaida. Usikubali bomba la maji la gelvanaizi hata ukiambiwa ni nene. Likichomelewa linatoa moshi wa zinki unaompa fundi homa usiku, na mtu asiugue kwa ajili ya gari yako. Kanga za kufunga heda pia, zile tepu za joto, huku kwetu zinashika unyevu na chumvi na kuozesha chuma ndani kwa ndani, mie sizitaki.

Kukunja nako. Mashine ya kubana inabonyeza kona, bomba la inchi 2 linakuwa kama 1.5 pale penye kona na umerudi kwenye kuziba. Fundi wangu anajaza bomba mchanga mkavu, anaziba ncha zote mbili, anapasha moto anakunja polepole, kona inabaki duara. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa umekaangwa, ukiwa na maji mvuke unalipua kizibo na unaweza kuua mtu, kwa hivo hii si kazi ya kujaribu nyumbani.

Kuhusu kutoa kataliti kabisa, najua inauzwa bei nzuri na wanunuzi wanapita mpaka kwenye gereji. Ikiwa imekufa na kuziba basi imekufa. Ikiwa bado inafanya kazi iache, haikunyimi nguvu ya kuhisika, na bila yake moshi unaotoka una kaboni monoksaidi nyingi zaidi. Hio gesi haina harufu wala rangi. Gari kuukuu sakafu imeoza, raba za kwenye gia zimepasuka, ekzosi inavuja katikati, na mtu amebeba maembe kwenye Probox buti liko wazi: upepo wa nyuma unavuta moshi wote unaurudisha ndani kwa watoto waliolala siti ya nyuma. Ukisikia kichwa kizito ukiendesha simama, shuka, tafuta tundu. Kabla ya sauti, kabla ya nguvu, ziba hilo kwanza.

Na ukishafunga ekzosi mpya, endesha siku chache ishike moto na kupoa, kisha injini ikiwa baridi kabisa kaza tena nati za manifoldi na za flenji, kuanzia katikati ukienda pembeni, manake gasketi mpya inakaa na nati zinalegea. Angalia raba za kuning'iniza pia, bomba lisiguse bodi popote ukilitikisa kwa mkono. Likigusa utasikia mlio utakaoudhani ni wa injini, na utafungua vitu visivyo na makosa.